Majina ambayo Douglass hakuyataja

MTANGAZAJI: Leo nazungumza na ninyi mnaojiandaa kwa mtihani wa fasihi, hasa wale ambao kitabu chenu ni tawasifu ya Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa huko Maryland, Marekani, akatoroka mwaka 1838. Najua nakala ni moja na wasomaji ni wengi. Kama usiku huu imefika kwako, usianzie mwanzo. Fungua sura ya 11, ya mwisho.

Hapo ndipo wengi hukosea. Swali linauliza Douglass alitorokaje, na mwanafunzi anaandika mbiombio: alivaa kama baharia, akaazima karatasi za baharia mwingine, akapanda treni, akafika New York. Yote ni kweli, lakini hayamo katika kitabu hiki. Kitabu kilitoka mwaka 1845, utumwa ukiwa bado halali kusini mwa Marekani. Habari ya treni na karatasi aliitoa mwaka 1881, utumwa ulipokuwa umekwisha kukomeshwa. Katika sura ya 11 anakataa waziwazi kuitaja njia aliyopita. Waliomsaidia wangepata taabu, na mabwana wangejua mlango gani wa kuufunga. Anawalaumu hata watu wema waliotangaza hadharani kwamba wanasaidia watoro. Maneno yao, anaona, hayakumfaa mtumwa aliyebaki nyuma. Yalimfaa bwana wake.

Wewe uliyevuka mpaka huenda unaelewa hili kabla mwalimu hajalieleza. Pengine yupo aliyekupitisha usiku na jina lake hulitaji mpaka leo. Lakini kwenye karatasi ya mtihani andika habari za Douglass. Msahihishaji hatoi alama kwa safari yako.

Sasa rudi sura ya 10. Ni ndefu, vumilia. Humo kuna jaribio la kwanza la kutoroka, lililoshindwa. Douglass alijua kuandika, kwa hiyo aliwaandikia wenzake vibali kana kwamba vimetoka kwa bwana, kwamba wameruhusiwa kwenda Baltimore kwa sikukuu ya Pasaka. Wakasalitiwa. Kibali chake alikitupa motoni kwa siri. Mwenzake Henry alipouliza afanye nini na chake, aliambiwa akile pamoja na mkate wake. Baadaye walikubaliana wote ni nani aliyewachoma. Tafuta jina lake kitabuni: halimo.

Kuandika huko alikutoa wapi? Soma sura ya 6 na ya 7. Mke wa bwana wake huko Baltimore alianza kumfundisha herufi, mumewe akakataza, akisema mtumwa akijua kusoma ameharibika, hatafaa tena kuwa mtumwa. Mtoto alikuwa anasikiliza. Tangu siku hiyo akawa anatoka na mkate, anawapa watoto wa Kizungu maskini wa mtaani, nao wanamlipa kwa masomo. Kuandika alianza kwa kutazama herufi zilizochorwa kwenye mbao za kuundia meli. Wale watoto angependa kuwashukuru kwa majina, lakini anajizuia, maana kumfundisha mtumwa kusoma lilikuwa kosa kubwa.

Mabwana, kinyume chake, anawataja: Hugh Auld, Thomas Auld, Edward Covey aliyempiga karibu kila wiki. Watu waliomsikia jukwaani walisema mtu anayezungumza vizuri hivi hakuwahi kuwa mtumwa. Akajibu kwa majina na mahali. Kwa kufanya hivyo alijiweka hatarini yeye mwenyewe, akalazimika kuondoka mwaka huohuo kwenda Ireland na Uingereza, mpaka marafiki wa huko walipochanga fedha za kununua uhuru wake mwaka 1846.

Gawanya ukurasa wa daftari lako sehemu mbili. Upande mmoja andika watu aliowataja kwa jina, upande wa pili wale aliowaficha. Mbele ya kila mmoja andika nani angeumia kama jina lingetajwa. Na nakala ikitakiwa na mwenzako kabla hujamaliza, mpe, umwambie aanzie sura ya 11.