Mtupaji na Mpigaji

Kila mtu na awe na daftari na kalamu. Leo tutasoma hesabu, lakini hatutahesabu magunia wala ng'ombe. Tutahesabu mipira. Twende Marekani, kwenye mchezo wa besiboli. Watu wa mchezo huo wameandika kila jambo kwa tarakimu kwa zaidi ya miaka 100, kwa hiyo hesabu zao ni shule nzuri kwetu.

Kwanza tuujue mchezo wenyewe. Mtupaji husimama juu ya kilima kidogo cha udongo, mfano wa kichuguu kilichosawazishwa. Mbele yake, umbali wa futi 60 na inchi 6, yaani mita 18 na nusu hivi, yupo mpigaji mwenye gongo la mti. Mtupaji huvurumisha mpira mgumu wenye ngozi juu yake. Mpigaji akiukosa mara tatu, hutolewa. Akiupiga ukapita juu ya ua wa kiwanja, huzunguka vituo vyote bila kuzuiwa, na timu yake hupata alama. Tutauita mpigo wa kuvuka ua.

Sasa andikeni: 1911. Mwaka huo Frank Baker aliongoza ligi yake kwa mipigo ya kuvuka ua. Alipiga mingapi? 11 tu. Andikeni tena: 1920. Mwaka huo Babe Ruth alipiga 54. Je, Baker alikuwa dhaifu? Hasha. Zamani mpira mmoja ulitumika muda mrefu mpaka ukachafuka na kulainika. Tena watupaji waliruhusiwa kuupaka mate, nao ukapinda njiani. Mwanzoni mwa mwaka 1920 mate yakapigwa marufuku, isipokuwa kwa watupaji wachache waliozoea. Mwezi Agosti mwaka huo huo, mchezaji Ray Chapman alipigwa kichwani na mpira, akafa siku ya pili. Inaaminika kwamba hakuuona vizuri. Baada ya hapo mipira michafu ikawa inaondolewa upesi, na wapigaji wakaona wanachokipiga. Ruth alikuwa na nguvu nyingi, lakini mambo pia yalikuwa yamebadilika.

Basi tangu siku hizo mtupaji na mpigaji wamekuwa kama paka na panya. Mmoja akijifunza hila, mwenziwe hutafuta dawa yake.

Mwaka 1968 ulikuwa wa watupaji. Bob Gibson alitoa alama 1.12 tu, kwa wastani, katika kila mchezo mzima. Katika ligi ya pili, mpigaji aliyeongoza wote, Carl Yastrzemski, alifaulu karibu mara 3 tu katika kila 10. Wakuu wa mchezo wakaona mizani imelala upande mmoja. Mwaka 1969 walikipunguza kile kilima kutoka inchi 15 hadi inchi 10, na eneo la kulenga mpira wakalifanya dogo zaidi. Wapigaji wakapumua.

Mwaka 2001 Barry Bonds alipiga mipigo 73 ya kuvuka ua, na hesabu hiyo haijapitwa. Lakini uchunguzi uliotangazwa mwaka 2007 ulieleza kwamba dawa za kuongeza misuli zilikuwa zimeenea mchezoni miaka ile. Ndiyo maana watu hubishana mpaka leo juu ya hesabu za wakati huo. Tarakimu inaonekana wazi, bali maana yake haiko wazi.

Sasa tufanye hesabu ya kutoa. Mwaka 2014 wachezaji wote wa ligi kuu walipiga mipigo 4,186 ya kuvuka ua. Mwaka 2019 walipiga 6,776. Toeni. Mmepata ngapi? Ndiyo, 2,590 zaidi. Sababu moja ni mashine za kupima mwendo wa mpira. Wapigaji walijifunza kwamba mpira unaopigwa kwa kuelekezwa juu huleta faida kuliko ule unaotambaa chini. Sababu nyingine ni mpira wenyewe. Wataalamu waliouchunguza mwaka 2019 walieleza kwamba ulipita hewani kwa urahisi zaidi, na mishono yake iliyokuwa chini kidogo ilichangia.

Watupaji nao hawakulala. Mwaka 2008 mpira wao wa kasi ulikwenda karibu maili 92 kwa saa, kwa wastani. Mwaka 2023 ulipita maili 94. Maili mbili ni chache barabarani, lakini mpira huo hufika kabla hujamaliza kupepesa jicho. Mwaka 2018, kwa mara ya kwanza, wapigaji waliotolewa kwa kukosa mara tatu walizidi mipigo iliyofaulu.

Lakini kasi ina bei yake, na bei hiyo hulipwa kwa kiwiko. Mwaka 1974 mtupaji Tommy John alikatika ukano wa kiwiko cha kushoto. Daktari Frank Jobe alichukua ukano wa mkono wa kulia akaupandikiza pale. Mwaka 1976 John alirudi kiwanjani, akatupa mpaka 1989. Leo operesheni hiyo inaitwa kwa jina lake, na hata vijana walio bado shuleni hupasuliwa. Desemba 2024 wakuu wa mchezo walitangaza uchunguzi wao: kutafuta kasi kubwa na kutupa kwa nguvu zote kila mara ni miongoni mwa sababu kubwa za majeraha hayo. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Ndugu zangu, hesabu hutuambia jambo gani limetokea. Haituambii kwa nini, wala nani ameumia. Mkisomewa hesabu ya mavuno, ya mshahara au ya kura, ulizeni kama tulivyouliza leo: Ilipimwa lini? Ni kitu gani kilibadilika? Na nani amelipa? Mtu anayeuliza hivyo hadanganyiki upesi.

Maswali ya kujadili darasani:
1. Kwa nini si haki kumlinganisha Baker na Ruth kwa tarakimu peke yake?
2. Kilima cha mtupaji kilipunguzwa inchi ngapi mwaka 1969? Kwa nini?
3. Ungekuwa mzazi wa kijana mtupaji, ungemshauri nini juu ya kasi?
4. Taja hesabu moja uliyoisikia wiki hii. Je, sababu yake unaijua?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.