Neno "Keep" na Chupa ya Dawa ya Pamba



Leo hatutaanza na ubao. Tutaanza na chupa hii ya dawa ya kupulizia pamba, mliyoiona mezani tangu tulipoingia. Msiishike.

Wiki iliyopita mama mmoja wa darasa letu alituletea chupa kama hii. Kiingereza anajua maneno machache tu, aliyoyaokota kwa wanawe. Kwenye karatasi ya chupa aliona "keep", akakumbuka kwamba ni kutunza. Mbele kidogo akaona "children", watoto. Basi akasema, kumbe hii ni dawa ya kuwatunza watoto! Na nyumbani ana mjukuu mwenye upele. Bahati yetu aliuliza kwanza.

Hatukumcheka, maana neno hakulikosea. "Keep" ni kutunza kweli, au kuweka. Ukimpa mtu fedha zako akuwekee, Mwingereza atatumia neno hilo hilo. Lakini likifuatwa na neno jingine, linageuka. "Keep on" ni endelea. "Keep quiet" ni kaa kimya. "Keep out", pale getini, ni usiingie. Tazameni basi: neno la kutunza limekuwa la kufukuza.

Sasa maneno ya kwenye chupa ni "Keep out of reach of children". Maana yake, weka mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Kuna tena "Keep away from food", yaani weka mbali na chakula. Siyo jikoni kando ya chumvi, kama wengi wetu tufanyavyo.

Hata Kiswahili kinalo neno hili, ila limejificha. Madereva waliona kibao cha "Keep left", yaani pita kushoto, kwenye mzunguko wa barabara. Wakauita mzunguko wenyewe kipilefti, na ikiwa miwili, vipilefti! Kiswahili hakina aibu.

Turudi kwenye chupa. Mzee wetu pale nyuma ameuliza, je, tukiimimina dawa katika chupa ya soda? Hapana, mzee. Karatasi yenye maonyo itabaki kule, na mtoto ataona soda. Iache katika chupa yake, ndani ya sanduku lenye kufuli. Yule mama amekwisha kununua kufuli lake.

Haya, mmoja wenu aje atusomee mstari wa pili, pole pole.