Wilson Kiprugut na Saa za Mfanyakazi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Chepseon)



Nimeombwa niseme machache juu ya Wilson Kiprugut Chuma. Wazee mliopo mnaijua habari yake. Lakini ukimwuliza kijana ni nani aliyeiletea Kenya nishani ya kwanza ya Olimpiki, mara nyingi atakutajia Kipchoge Keino. Keino ni shujaa, simpunguzii sifa hata kidogo. Ila nishani ya kwanza haikutoka Nandi. Ilitoka kwetu Kericho.

Jina lake wengine huliandika Chuma, wengine Chumo. Ni jina la Kikipsigis, halina uhusiano na Kiswahili. Hata hivyo sisi tunaochuma chai tangu umande haujakauka, tukilisikia hatuachi kucheka kidogo. Na ukilichukua kwa maana ile ya chuma cha mhunzi, napo lilimfaa vilevile.

Alizaliwa mwaka 1938. Wakati huo mashamba makubwa ya chai yalikuwa yamekwisha kuenea katika nchi hii, na kijana wa rika lake aliyetaka mshahara hakuwa na njia nyingi: achume, apalilie, aingie kiwandani, au aondoke. Kiprugut aliondoka, akawa askari wa jeshi. Jambo hili la uaskari naomba mliweke akilini, maana nitalirudia.

Kenya ilikwenda Olimpiki mara ya kwanza mwaka 1956, huko Melbourne. Nyandika Maiyoro wa Kisii alikuwa wa saba katika mita 5,000, na mwaka 1960 huko Roma akawa wa sita. Walikimbia vizuri, wakarudi mikono mitupu. Ikaja Tokyo, Oktoba 1964, na Uhuru wetu ulikuwa haujatimiza mwaka.

Mbio za Kiprugut zilikuwa mita 800, yaani kuuzunguka uwanja mara mbili. Ni taabu ya namna yake. Si fupi hata mtu aziba pumzi akamaliza, wala si ndefu hata apate nafasi ya kutafakari. Anayekwenda kasi mno mzunguko wa kwanza miguu humgeuka kuwa magogo, na anayejihifadhi sana huachwa.

Tarehe 15 Oktoba, katika mbio za kuchuja, Kiprugut na George Kerr wa Jamaika walikimbia wote wawili kwa dakika 1 na sekunde 46.1. Ilikuwa rekodi mpya ya Olimpiki. Rekodi waliyoivunja ilikuwa ya Peter Snell wa New Zealand, aliyoiweka Roma. Basi mtoto wa Kericho alilala usiku ule akiwa mmoja wa watu wawili wenye mbio za kasi kuliko zote zilizopata kukimbiwa Olimpiki katika mita 800. Rekodi hiyo iliishi siku moja tu. Kesho yake Snell alishinda kwa 1:45.1, Bill Crothers wa Kanada akawa wa pili, na nyuma yao Kiprugut na Kerr wakaandikiwa muda ule ule mmoja, 1:45.9. Waamuzi wakasema Kiprugut ametangulia. Ndiyo nishani ya shaba ya Kenya, na katika michezo yote ya Tokyo hatukupata nyingine.

Mwaka 1965 alishinda mita 400 na mita 800 katika Michezo ya Afrika huko Brazzaville, na mwaka 1966 akawa wa pili katika yadi 880 huko Kingston, Jamaika. Nayapita haya upesi ili nifike Mexico.

Tarehe 15 Oktoba 1968 Kiprugut alikuwa na miaka 30. Alitoka mbele, akaongoza, na alipoingia mwisho wa mzunguko wa pili bado alikuwa anaongoza. Ndipo Ralph Doubell wa Australia akamfikia na kumpita wakati utepe unaonekana. Doubell alimaliza kwa 1:44.3, akailingana rekodi ya dunia ya Snell. Kiprugut alimaliza kwa 1:44.5. Sehemu mbili za kumi za sekunde! Mchumaji hodari hajaukunjua mkono kuufikisha kikapuni, muda huo umekwisha. Wapo wanaosema alikosea kuongoza mapema. Mimi sikubali. Mtu aliyekosea mbio hafiki mwisho sekunde chache hivyo nyuma ya rekodi ya dunia. Yeye alizifanya mbio ziwe za kasi, na mwenzake akafaidika.

Baada ya Mexico, mahali Kenya ilipopata nishani tisa, watu wa nje walianza kusema ni hewa. Mji wa Mexico uko juu ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, nasi Kericho tuko juu vilevile, kwa hiyo, walisema, mapafu yamezoea. Hewa inasaidia, sikatai. Lakini Tokyo iko kando ya bahari, na nishani ilipatikana huko kwanza. Tena kama hewa peke yake ingetosha, ndugu zangu, kila mtu katika mkutano huu angekuwa ameivaa nishani shingoni, maana hewa hii tunaivuta sote, nayo ndiyo kitu pekee ambacho hatujakatwa katika mshahara.

Sasa nirudi kwenye uaskari. Siku zile sheria za Olimpiki zilikataza mkimbiaji kulipwa kwa ajili ya kukimbia. Asiye na mali ilimpasa awe na mwajiri atakayemwachia saa za mazoezi bila kumkata mshahara. Waajiri wa namna hiyo katika Kenya walikuwa wachache. Kiprugut alikuwa jeshini. Naftali Temu, aliyeshinda mita 10,000 Mexico, alikuwa jeshini. Keino alikuwa polisi. Tazameni basi: wachumaji wa chai walikuwa maelfu, vijana wenye miguu ile ile na milima ile ile, na majina yao hayamo. Sidhani kwamba miguu ya kasi iliandikwa jeshi yote. Mchumaji hulipwa kwa kilo. Siku asiyochuma hana kilo, na jioni akirudi kambini mgongo umekufa. Atakimbia saa ngapi?

Kwa hiyo mtu akiniuliza Kiprugut alituachia nini, sitaanza na nishani. Nitasema alituonyesha kile kinachowezekana mfanyakazi akipewa muda wake. Aliofungua njia hawakuchelewa kuipita: Paul Ereng alishinda mita 800 mwaka 1988, William Tanui 1992, Wilfred Bungei 2008, David Rudisha 2012 na 2016, Emmanuel Korir 2021, Emmanuel Wanyonyi 2024. Dhahabu saba katika mbio zile zile ambazo yeye alipata shaba na fedha. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 1 Novemba 2022, akiwa na miaka 84, kwa hiyo hakumwona Wanyonyi.

Na wasichana tusiwasahau. Pamela Jelimo alishinda mita 800 za wanawake mwaka 2008. Lakini kwetu mama akienda kuchuma, binti ndiye anayebaki na mtoto mdogo mgongoni na mtungi wa maji kichwani. Kaka yake anacheza mpira.

Ndugu wanachama, chama kikikaa na waajiri tena, husemwa kilo, husemwa nyumba, husemwa matibabu. Hayo ni sawa, na yatangulie. Naomba tuongeze mawili. La kwanza ni kwamba mfanyakazi, au mtoto wake aliyeajiriwa, akichaguliwa kukimbia katika mashindano ya kaunti au ya taifa, siku zake zilipwe, na malipo yake yahesabiwe kwa wastani wa kilo zake za kila siku, si kwa huruma ya nyapara. Kikombe na picha kwenye ukuta wa ofisi havinunui unga. Jambo hili liandikwe katika makubaliano, maana ahadi ya mdomo huondoka na meneja akihamishwa.

La pili ni kiwanja. Tusiambiwe kwamba viwanja vya mpira wa kisasa ni ghali. Ile rekodi ya dunia ya 1:44.3, ambayo Kiprugut aliikosa kwa nafasi ya kupepesa jicho, Snell aliiweka mwaka 1962 huko Christchurch, juu ya majani ya kawaida. Tunachohitaji ni ardhi iliyo sawa, kamba ya kupimia mita 400, chokaa, na mtu wa kufyeka nyasi. Kufyeka tunajua.

Bwana Mwenyekiti, hoja hizi mbili nimeziandika kwenye karatasi na kumkabidhi katibu. Naomba zipigiwe kura kabla watu hawajaondoka, kwa sababu mvua inakuja upande wa Londiani.