Kujipima Hofu ya Macho ya Watu



Baadhi ya watu niliowakusudia zaidi katika mada hii hawamo ukumbini. Kuingia mahali ambapo wengine wameshaketi, macho yote yakageukia mlangoni, ndiko hasa wanakokuogopa. Kwa ajili yao niliomba mhadhara huu uchapishwe, ili wausome wakiwa peke yao. Hoja yangu ni moja: mtu anaweza kujipima wasiwasi wa kijamii faraghani, na ni vyema ajipime, lakini kipimo hicho hakijakamilika mpaka matokeo yake yamfikie mtu wa pili.

Wasiwasi wa kijamii ni hofu ya kutazamwa na watu na kuonekana umepungukiwa. Moyo kwenda mbio kabla ya kutoa neno la shukrani harusini si ugonjwa. Wala upole si ugonjwa. Kijana asiyesema sana, lakini akiulizwa anajibu, akialikwa anakwenda, na usiku analala usingizi wake, huyo ni mpole tu. Tatizo tunalishuku pale hofu inapozidi uzito wa jambo lenyewe, inapodumu kwa miezi 6 au zaidi, na inapomnyang'anya mtu sehemu ya maisha yake: anaacha kozi kwa sababu ina mawasilisho, anakataa cheo kwa sababu kina vikao, anakosa haki yake dukani kwa kushindwa kudai chenji.

Mwaka 1966 madaktari Isaac Marks na Michael Gelder, wakifanya kazi London, walionyesha kuwa hofu ya namna hii huanza katika umri tofauti na hofu ya wanyama au ya maeneo ya wazi. Mwaka 1980 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kikaiingiza katika mwongozo wake kama tatizo linalojitegemea. Kwa walio wengi huanza kabla ya utu uzima, mara nyingi katika miaka ya balehe. Hapo ndipo penye ugumu. Aliyekua nayo tangu darasa la saba huidhani kuwa ndiyo tabia yake, na nani aende hospitali kutibiwa tabia?

Madodoso ya kujipima yanaanza kumfungulia njia mtu huyo. Dodoso la Michael Liebowitz, lililotolewa mwaka 1987 kama kipimo cha kujazwa na mtaalamu na baadaye likatumiwa pia kwa kujipima, lina hali 24, kama vile kula mbele ya watu, kuzungumza na mwenye mamlaka, au kuandika huku unatazamwa. Kila hali hupewa alama mbili, kila moja kuanzia 0 hadi 3: ya kwanza ni ya hofu, ya pili ni ya kukwepa. Jumla haizidi 144. Mwaka 2000 Jonathan Davidson na wenzake walitoa dodoso la maswali 17, na baadaye likafupishwa likabaki maswali matatu yanayohusu wiki iliyopita. Je, woga wa kuaibika umekufanya ukwepe kutenda jambo au kusema na watu? Umekwepa shughuli zinazokuweka mbele ya macho ya wote? Kuaibika au kuonekana mjinga ni miongoni mwa hofu zako kubwa? Kila jibu lina alama 0 hadi 4. Anayepata jumla ya 6 au zaidi anashauriwa achunguzwe.

Nasisitiza: achunguzwe. Dodoso ni chekeche. Linatenga cha kuangaliwa tena. Tupige hesabu. Tuchukulie watu 1,000, na kati yao 50 wana tatizo hili. Tuchukulie pia kuwa dodoso linawatambua sawasawa asilimia 80 ya wenye tatizo na asilimia 80 ya wasio nalo. Litawanasa wenye tatizo 40, na 10 litawakosa. Kati ya wale 950 wasio nalo, litawanasa 190 bure. Basi waliopata alama za juu ni 230, na wenye tatizo kweli hawafiki mmoja kati ya watano. Asiyejua hesabu hii anaweza kujibandika jina la ugonjwa kwa usiku mmoja tu.

Kuna jambo la pili pia. Maswali haya yalitungwa kwingine. Dodoso la Liebowitz linauliza juu ya kurudisha bidhaa dukani na kuandaa tafrija. Haliulizi juu ya kula ukweni, kusimama msibani kutoa salamu za rambirambi, wala kutangulizwa kuongoza sala. Na tuangalie madarasa yetu. Mtoto wa shule ya serikali hapa Tanzania husoma msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Akinyamaza darasani, tusikimbilie kusema anaumwa. Pengine amekosa lugha. Tumuulize: je, hata kwa Kiswahili, katikati ya marafiki zake, hofu ni ile ile? Jibu lake lina thamani kuliko jumla ya alama. Vivyo hivyo, mikono inayotetemeka na moyo unaokwenda kasi huweza kutokana na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, na dodoso haliwezi kuliona hilo. Daktari ndiye anayeweza.

Kwa hiyo ukijipima, usiishie kwenye jumla. Katika dodoso la Liebowitz, zitazame alama za kukwepa, kisha uandike mambo matatu uliyoyaacha mwaka huu kwa sababu ya hofu. Andika pia kama unalazimika kunywa pombe kwanza ndipo uweze kukaa na watu. Karatasi hiyo itamsaidia mshauri nasaha kuliko tarakimu tupu. Na kama moyo umekata tamaa hata unafikiria kujidhuru, usingoje dodoso. Nenda hospitali leo, ukiwa na mtu unayemwamini.

Sasa narudi kwenye hoja yangu. Pengine hakuna maradhi yanayofaa mtu kujipima faraghani kama haya, kwa sababu mgonjwa haogopi maswali, anaogopa macho ya anayeuliza. Lakini faragha hiyo hiyo inaweza kumfunga. Akajipima leo, akajipima mwezi ujao, akasoma kila alichokiona, na hakuna aliyejua. Kujipima nako kukawa njia nyingine ya kukwepa. Wazee walisema mficha uchi hazai.

Na tiba ipo. David Clark na Adrian Wells walieleza mwaka 1995 jinsi mwenye hofu hii anavyojitazama mwenyewe badala ya kuwatazama anaozungumza nao, na jinsi mbinu zake za kujikinga, kama kukariri kila sentensi kabla ya kuisema, zinavyomnyima nafasi ya kugundua kuwa hakuna aliyemcheka. Tiba ya fikra na tabia humfundisha kugeuza mazingatio yake na kuikabili hofu hatua kwa hatua. Zipo pia dawa anazoandika daktari.

Wahadhiri wenzangu, mwanafunzi akishindwa kuwasilisha, tusimfedheheshe, wala tusimsamehe moja kwa moja, maana kila kukwepa huilisha hofu. Awasilishe kwanza mbele ya mwalimu peke yake, kisha mbele ya wenzake watano, kisha darasa zima. Wazazi, msimjibie mtoto kila anapoulizwa na mgeni. Mpeni muda atafute maneno yake.

Nawe unayesoma peke yako: jipime. Alama zikiwa juu, chagua mtu mmoja, awe dada yako, mlezi, mshauri wa wanafunzi au daktari. Ukishindwa kusema, mpe karatasi aisome. Kumkabidhi karatasi hiyo ni hatua ya kwanza ya tiba, kwa kuwa utakuwa umeonekana na mtu, kwa hiari yako, katika jambo uliloliogopa kuliko yote.