Kuku Atembee, Lakini Arudi Nyumbani

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya upande wa Kano na Seme, karibu na Kisumu. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili vikundi vingine viyasome pamoja.)



Leo tuzungumze juu ya kuku. Najua kuna atakayesema, "Kuku wetu hujilea wenyewe." Asubuhi unafungua mlango wanatoka, jioni wanarudi, basi. Lakini tuhesabu kidogo. Kuku wako aliangua vifaranga kumi. Baada ya miezi miwili wamebaki wangapi? Watatu? Wazee walisema kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, na akilea huchukuliwa na mwewe. Mimi nasema si umaskini unaowamaliza. Tunamaliza kuku wetu kwa kudhani kwamba kumwachilia na kumtunza ni kitu kimoja.

Sisemi tuwafungie. Chakula cha dukani ni ghali, na kuku kumi wa kienyeji hawawezi kukilipia. Boma lako ni ghala: lina mchwa, panzi, funza wa kwenye samadi, majani mabichi, mtama ulioanguka wakati wa kupura. Kuku ana miguu na kucha za kulifungua ghala hilo. Kazi yetu ni kumsaidia alifungue vizuri.

Kumfundisha kuku mgeni

Siku hizi vikundi vingi hununua kuku wa kienyeji walioboreshwa, kama wale wa KALRO Naivasha. Wengi wao wamelelewa ndani bila mama. Ukiwafungulia mlango wanasimama hapo hapo kungoja sahani! Si wajinga, hawakufundishwa.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Lakini badala ya kamba, mweke ndani ya nyumba ya kuku siku kumi hivi, ale na kunywa humo, ajue hapo ndipo kwake. Halafu mfungulie jioni, saa moja kabla ya giza. Hataenda mbali, na giza litamrudisha. Kila siku ongeza muda kidogo. Mchanganye na kuku wawili watatu wenyeji, maana kuku huiga. Akimwona mwenzake anapekua samadi, naye atapekua.

Usimpe chakula asubuhi. Aliyeshiba hatembei. Mpe maji safi tu, atoke na njaa yake kidogo. Jioni mwite kwa sauti ile ile, au gonga debe lile lile, umtupie konzi moja ya mtama au pumba. Hapo atajua kurudi ni faida. Utapata pia nafasi ya kuhesabu na kuona ni nani amekunja mabawa.

Utajuaje kama ameshiba? Mshike jioni, uguse kile kifuko cha chakula chini ya shingo. Kikijaa, boma limemlisha. Kikiwa kitupu, muongezee. Kuku wengi wakiwa watupu kila jioni, basi ni wengi kuliko ghala lako. Uza majogoo ya ziada. Jogoo mmoja anatosha kuku kumi.

Vifaranga wasitembee mapema

Kifaranga hawezi kumkimbia mwewe. Wiki nne za kwanza wakae na mama yao chini ya tenga kubwa au katika kiuga cha wavu, kwenye kivuli. Wape chenga za mahindi au mtama uliosagwa, pamoja na vumbi la omena linalobaki baada ya kuchekecha. Hakikisha halina mchanga mwingi.

Na mchwa je? Chukua chungu kikuukuu, ujaze mabua makavu na samadi, unyunyizie maji, ukifunike juu ya tundu la mchwa jioni. Asubuhi kabla jua halijawa kali kimejaa. Wakung'utie vifaranga. Hiyo ni nyama ya bure.

Wakianza kutoka, wawe na mahali pa kujificha. Boma lililofyekwa likawa jeupe kabisa linampendeza mgeni, na mwewe pia. Acha vichaka vifupi hapa na pale. Usiku walale mahali palipoinuliwa kwa nguzo, hasa huku Kano ambako maji hufika mlangoni.

Usipoteze pia kuku wako wanaojua kuatamia. Mwaka 1976 Serikali ilianza mpango wa kuwapa wakulima majogoo ya kizungu kwa kubadilishana na ya kienyeji. Damu ya kizungu huongeza mayai, lakini ikizidi, kuku mara nyingi husahau kuatamia. Baki na mama walezi.

Jirani naye

Wakati wa kupanda kuku hupekua mbegu, na mtama ukikomaa huuangusha. Ugomvi wa kuku umevunja vikundi kuliko ugomvi wa pesa. Kwa wiki mbili tatu baada ya kupanda, wafungie mpaka alasiri. Wakitoka jioni hawafiki mbali. Mkubaliane siku hizo pamoja, kijiji kizima.

Kideri hakijui mpaka

Sasa nafika kwenye jambo kubwa. Kuku anayetembea hukutana na kuku wa jirani, na hapo kideri hupita. Wengi huuita Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ambako ulitambuliwa mwaka 1926. Haukuletwa na jicho baya la mtu. Kuku huhema kwa shida, huharisha kijani, shingo hupinda, na kwa siku chache boma linabaki na manyoya. Dawa ya kuuponya hakuna. Kinga iko: tone moja la chanjo jichoni, kurudiwa kila miezi mitatu au kama afisa wa mifugo atakavyoelekeza.

Lakini chupa moja ya chanjo hutosha kuku mia au zaidi, na ikishachanganywa haiwekwi mpaka kesho. Mama mwenye kuku wanane aifanyie nini? Peke yake, hawezi. Nyumba kumi na tano zikichanga, kila mmoja hutoa pesa kidogo sana. Chagueni watu wawili wa kufundishwa, mlete chanjo kwa flaski yenye barafu, mchanje siku moja asubuhi kabla kuku hawajatoka. Kuku mgonjwa asichanjwe. Na kuku wa kununuliwa Kibuye akae kando siku kumi na nne.

Boma moja likikataa, kuku wake watatembea vilevile, na ugonjwa ukiwapata utafika kwa wote. Kwa hiyo msiondoke leo kabla ya kuandika tarehe.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kikundi chetu, vifaranga wangapi kati ya kumi hufika miezi miwili? Wengine walikwenda wapi?
2. Ni lini tutafungia kuku wakati wa kupanda, na nani atawaambia majirani wasio wanakikundi?
3. Tarehe yetu ya chanjo ni ipi? Nani ataweka pesa, na nani ataleta flaski?