JOHO KABLA YA WAKATI WA BARIDI

  

Leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda mkalistaajabia, nalo ni kufunga mizigo. Hatusemi juu ya mizigo ya kwenda Nakuru au Kisumu kwa siku mbili. Twasema juu ya safari ya meli katika bahari ya kaskazini, huko Alaska katika nchi ya Marekani, mwezi wa Septemba na mwanzo wa Oktoba, wakati meli za matembezi zinapokaribia kufunga kazi zao za mwaka.

Mtu atauliza, "Jambo hilo latuhusu nini sisi?" Latuhusu, ndugu. Wazazi wengi katika makanisa yetu wana watoto wanaoishi Marekani na Canada. Wako pia vijana wetu wanaofanya kazi katika meli kubwa za abiria, wakipika, wakifua na kutandika vitanda. Siku moja simu yalia, na mtoto asema, "Mama, tumekukatia tikiti. Ukija kututembelea tutapanda meli pamoja kutoka Seattle, twende tukaone barafu." Nyumba yote hufurahi. Ndipo mama huleta sanduku lake, na kazi ya kulijaza huanza. Huweka majani ya chai, huweka viondo, huweka leso za wakwe na nguo za wajukuu. Sanduku likijaa, yeye mwenyewe hana nafasi ya koti. Husema, "Mimi sitakufa kwa baridi. Si nimezaliwa Limuru?"

Basi na tuitazame baridi hiyo ya huko.

Pwani ya kusini-mashariki ya Alaska ni nchi ya visiwa vingi, milima mirefu na misitu mikubwa. Meli hupita katikati ya visiwa hivyo, na kwa sehemu kubwa ya njia maji hutulia, kwa kuwa visiwa huzuia mawimbi ya bahari kuu. Lakini meli zitokazo Seattle mara nyingi hupita upande wa nje wa kisiwa cha Vancouver, na hapo bahari haina kizuizi. Vuli ikifika, dhoruba hutoka katika Ghuba ya Alaska moja baada ya nyingine. Hewa yenye unyevu hugonga milima, hupanda, hupoa, na kuwa mvua. Mji wa Ketchikan hupata mvua karibu milimita 3,800 kwa mwaka, na mwezi wake wa mvua nyingi kuliko yote ni Oktoba. Juneau, ulio mji mkuu wa Alaska, hauna barabara ya kuuunganisha na miji mingine. Watu hufika kwa meli au kwa ndege. Huko mwezi wa Septemba joto la mchana hufika nyuzi 13 hivi, na usiku hushuka hata nyuzi 7.

Mtu wa Limuru atasema, "Nyuzi 13 twazijua." Ni kweli, mwezi wa Julai mwazijua. Lakini hamzijui mkiwa mmelowa maji, mmesimama juu ya sitaha ya meli inayokwenda, upepo ukiwapiga usoni kwa saa mbili. Mahali meli inapokaribia mito ya barafu, hewa nzito iliyopozwa na barafu huteremka kutoka juu hata majini. Zaidi ya hayo, mwishoni mwa Septemba mchana hupungua karibu dakika tano kila siku. Na jambo gumu kuliko yote ni kwamba hali ya hewa haina ahadi. Asubuhi mwaweza kuona jua zuri, saa sita mvua, saa kumi upepo mkali, na nahodha akatangaza ya kwamba meli haitatia nanga katika bandari iliyotazamiwa. Huko Skagway upepo hujulikana sana. Huko Ketchikan ni mvua. Msafiri mmoja atakutana na hayo yote kwa juma moja, akiwa na sanduku moja.

Kwa hiyo watu wazoefu hawachukui koti moja zito tu. Hujipangia nguo tabaka kwa tabaka. Ya kwanza, iliyo karibu na ngozi, ni nguo nyepesi ya sufi au ya nyuzi zilizotengenezwa kiwandani, wala si ya pamba. Kwa maana pamba ikilowa hushika maji, na maji yale huuondoa joto mwili. Ya pili ni sweta, ambayo kazi yake ni kushika hewa ya joto. Ya tatu ni koti lisilopenyeza maji wala upepo, lenye kofia yake, pamoja na suruali ya mvua. Mwavuli haufai sana mahali pa upepo. Huongeza glavu, kofia ya sufi ya kufunika masikio, soksi za sufi jozi kadhaa, na viatu jozi mbili, ili moja ikilowa nyingine iwe kavu. Tena huchukua miwani ya jua, kwa kuwa siku ya jua mwanga wa barafu huumiza macho. Jua likitoka mtu huvua tabaka moja. Upepo ukija huvaa tena.

Dawa za kila siku za presha au za sukari zisiwekwe katika sanduku kubwa. Sanduku hilo huchukuliwa na wafanyakazi bandarini, na laweza kukawia saa kadhaa kabla ya kufikishwa chumbani. Dawa, pasipoti na sweta moja viwe katika mfuko wa mkononi. Na kwa sababu meli ya kigeni itokayo Seattle kwenda Alaska na kurudi hulazimika kugusa bandari ya nchi nyingine, mara nyingi Victoria katika Canada, mwenye pasipoti ya Kenya ahakikishe mapema ya kuwa ana viza ya Canada, na ya kuwa viza yake ya Marekani yamruhusu kuingia tena.

Wala mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Nenda Gikomba, au Kongowea ikiwa u mtu wa Mombasa, utafute katika mitumba. Makoti na sweta nyingi zilizomo humo zilitoka katika nchi za baridi. Nguo hiyo iliyovuka bahari kuja kwetu yaweza kuvuka tena na kumfaa mama yako.

Ndugu wapendwa, watu wa zamani wa nchi ile walijifunza jambo hili kwa shida. Mwaka wa 1898 maelfu ya watu walikuwa wakipanda mlima kwenye njia ya Chilkoot, wakikimbilia dhahabu ya Klondike. Huko juu mpakani walisimama askari wa Canada, nao hawakumruhusu mtu kupita asipokuwa na chakula cha kumtosha mwaka mzima. Pamoja na vyombo vyake mzigo huo ulifika karibu tani moja. Mtu alibeba sehemu, akaiacha juu, akashuka, akabeba nyingine, mara nyingi mno. Bila shaka wengi walinung'unika. Lakini amri ile ilikuwa ya rehema, maana mbele yao hapakuwa na duka wala shamba, na wakati wa baridi haumngoji mtu.

Miaka ishirini baadaye, usiku wa tarehe 23 Oktoba 1918, meli iitwayo Princess Sophia iliondoka Skagway. Ilikuwa imejaa watu waliotoka bara wakirudi kusini kabla mito haijaganda. Katika theluji na upepo mkali wa kaskazini, kabla ya mapambazuko, ilipanda juu ya mwamba uitwao Vanderbilt. Mashua za kuokoa zilifika, lakini mawimbi yalikuwa makali, ikaonekana ni hatari kuwashusha watu, nao wakangoja bahari itulie. Walingoja muda wa saa 40 hivi. Bahari haikutulia. Jioni ya tarehe 25 meli ilizama, na watu wote waliokuwamo, zaidi ya 340, wakafa. Baadaye zilipatikana barua ambazo baadhi yao waliziandika wakiwa pale juu ya mwamba, kwa wapenzi wao.

Hatuwasimulii haya ili tuwahukumu wale waliokufa. Sisi hatukuwapo, na huenda nasi tungalingoja vivyo hivyo. Wala hatuwatishi wasafiri, kwa kuwa meli za leo zina vyombo vya kuona gizani na habari za hali ya hewa kila saa. Twasimulia ili tukumbuke ya kuwa mwisho wa majira ni wakati wa pekee. Mambo yaliyo rahisi mwezi wa Julai huwa magumu mwezi wa Oktoba.

Mtume Paulo aliijua habari hii. Mkisoma Matendo ya Mitume, sura ya 27, mtaona jinsi alivyosafiri kwenda Rumi kama mfungwa, wakati siku ya Kufunga ilikuwa imekwisha pita, yaani majira ya vuli, ambapo mabaharia wa bahari ile waliogopa kusafiri. Aliwaonya pale Bandari Nzuri. Akida alimsikiliza nahodha na mwenye meli kuliko Paulo. Upepo mwanana wa kusi ulipovuma, wote walidhani wamepata walilotaka. Ndipo ikaja tufani. Watu 276 waliokoka pwani ya Melita, wakitetemeka kwa mvua na baridi, na wenyeji wakawawashia moto.

Tena mtume huyu huyu, katika waraka wake wa pili kwa Timotheo, anafungwa tena, mauti iko karibu, naye ameandika maneno makubwa ya imani ambayo sisi huyasoma makaburini. Baada ya maneno hayo makubwa anaomba nini? Anaomba aletewe joho lake, lile aliloliacha Troa kwa Karpo. Tena anamsihi kijana wake ajitahidi kufika kabla ya wakati wa baridi.

Mwaona, wapenzi? Mtu wa imani kubwa kama hiyo alisikia baridi. Hakuona haya kusema hivyo. Hakusema, "Mungu atanipasha moto." Alimwandikia mtu mwenye miguu na mikono, akamwambia lilipo joho, kwa nani, na lini liletwe. Kujiandaa si kukosa imani. Na kuhitaji nguo si aibu.

Hapa ndipo twataka kuwagusa akina mama na akina baba wetu. Wengi wenu mmezoea kufungia wengine mizigo. Mmewafungia watoto masanduku ya shule, mmeuza ng'ombe ili wapate nauli, na katika kila safari mmejaza vitu vya wengine, mkasema, "Mimi nitavumilia." Kuvumilia ni kwema. Lakini mtoto aliyekukatia tikiti hataki kukuona umeketi ndani ya chumba cha meli siku nzima ukitetemeka, wakati yeye na wajukuu wako juu wakiitazama barafu ya Glacier Bay. Anataka usimame karibu naye. Yatoe majani ya chai nusu yake, mama, uweke sweta. Nawe ukisikia baridi, sema.

Nanyi vijana mlioko huko mbali, twawaomba neno moja. Mnapotuma picha nyumbani, mwatuma za siku ya jua. Wazazi wenu hufunga mizigo kwa kuzitazama picha hizo. Waambieni na habari za mvua. Waambieni viatu vipi vyafaa. Nanyi mnaotaka kwenda kufanya kazi melini, waulizeni waliotangulia; na ninyi mliotangulia, mwambieni mdogo wenu ukweli wote, si habari za mshahara peke yake.

Na kanisa lina sehemu yake. Mtu wa ushirika wetu anapopata safari, sisi humfanyia maombi, hukata keki, humpa mkono wa kwaheri. Ni vizuri. Lakini ni nani atakayekuwa Karpo, wa kumtunzia joho? Ni nani Timotheo, wa kumletea? Huenda katika kabati lako limo koti lililokaa tangu ulipokwenda masomoni miaka mingi iliyopita. Litoe kabla mama huyo hajaondoka.

Sisi sote, hata tusiopanda meli kamwe, tuko safarini, na wengine wetu majira yetu yamefika mwishoni. Hatujui kesho italeta jua au tufani. Mungu hakutuahidi bahari tulivu siku zote, lakini ametupa akili ya kujiandaa na ndugu wa kutusaidia kubeba. Tusidharau hata kimoja.

Na tuombe. Ee Baba yetu, uwalinde wote walio baharini leo, wanaotembea na wanaofanya kazi. Uwakumbuke wazee wetu wanaosafiri nchi za mbali. Utufundishe kusema haja zetu bila haya, na kuzisikia haja za wenzetu kabla ya wakati wa baridi. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.