Maboma ya Mifugo Yaandikishwe Kabla ya Maradhi



Mwishoni mwa mwaka 2006 mvua kubwa zilinyesha katika Afrika Mashariki. Wataalamu wa Marekani waliokuwa wakizipima mvua na uoto wa nchi kwa setilaiti walitoa onyo mapema kwamba homa ya Bonde la Ufa ilikuwa karibu kuzuka. Desemba ikazuka Kenya. Mwanzoni mwa 2007 ikaonekana Ngorongoro, ikateremka Dodoma na Morogoro, ikafika hadi Pwani na Dar es Salaam. Zaidi ya watu 100 walifariki nchini Tanzania, na ng'ombe, mbuzi na kondoo wengi wakatupa mimba au wakafa. Mjini watu wakaiogopa nyama.

Onyo lile lilikuwa la kweli, ila lilitaja nchi na maeneo mapana. Halikuweza kutaja boma. Kulijua boma ni kazi ya wilaya na kijiji, na wakati huo hapakuwa hata na sheria mahsusi ya kuandikisha mifugo na kuifuatilia.

Inafaa kueleza kwa nini boma lina uzito kiasi hicho katika maradhi haya. Virusi vya homa hiyo hukaa ndani ya mayai ya mbu, na mayai hayo huweza kulala udongoni, katika mabonde makavu, kwa miaka mingi. Mvua ikilijaza bonde, mayai huanguliwa, na mbu hutoka wakiwa na ugonjwa tayari. Mnyama anayelala karibu na bonde hilo huugua. Na mtu anayemchinja, anayemchuna au anayemsaidia kuzaa hupata ugonjwa kwa damu na majimaji yake. Chanjo ipo, lakini haina budi itolewe kabla mbu hawajaruka. Maradhi yakishaingia zizini, sindano moja inayopita kutoka mnyama hadi mnyama yaweza yenyewe kuyasambaza. Kwa hiyo bwana mifugo anayo majuma machache tu, tangu siku ya onyo hadi siku ya mafuriko. Akiyatumia majuma hayo kuuliza njiani ni nani mwenye ng'ombe na wanalala wapi, muda wake umekwisha.

Sheria leo ipo. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inatoa uwezo wa kutangaza eneo la maradhi, kuweka karantini na kuzuia mifugo isisafirishwe. Ikafuatiwa na Sheria Na. 12 ya mwaka 2010, ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo, ambayo miongoni mwa madhumuni yake ni kudhibiti magonjwa na wizi wa mifugo. Utekelezaji ndio uliokwenda kwa kuchechemea. Mwaka 2017 na 2018 ng'ombe walipigwa chapa ya moto kwa amri na kwa tarehe za mwisho. Chapa ile huharibu ngozi, na haimwambii mtu aliye mbali jambo lolote mpaka amwone ng'ombe mwenyewe. Baadaye zikaja hereni za kielektroniki, na zoezi likakwama kwa malalamiko ya wafugaji juu ya gharama. Juni 2025, huko Bariadi mkoani Simiyu, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo itakayochukua miaka mitano, safari hii kwa chanjo zenye ruzuku. Hiyo ni hatua njema. Lakini katika mazoezi yote hayo macho ya watendaji yameelekea zaidi sikio la ng'ombe kuliko zizi analolala. Hereni humtambulisha mnyama na mwenyewe. Siku ya hatari swali la kwanza ni la mahali: ni maboma mangapi yaliyo umbali wa mwendo wa nusu siku kutoka hapa alipofia ng'ombe huyu, na yanakunywa maji wapi?

Kwa halmashauri za Bagamoyo na Chalinze swali hilo ni gumu kuliko inavyodhaniwa, na sababu yake ni ya kihistoria. Pwani haikuhesabiwa kuwa nchi ya mifugo, kwa ajili ya mbung'o. Misafara ya karne ya 19 iliondoka Bagamoyo ikiwa na mizigo mabegani mwa wapagazi kwa kuwa wanyama wa kazi hawakudumu njiani. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price alijaribu njia ya maksai kutoka Saadani hadi Mpwapwa, akafanikiwa, akarudi kwao na matumaini makubwa. Mwaka uliofuata, msafara wenye mizigo ulipofuata njia hiyo, maksai wakafa kwa ugonjwa wa mbung'o. Kaskazini zaidi, ranchi ya Mkwaja iliyoanzishwa miaka ya 1950 na kampuni ya mkonge ilipambana na mdudu huyo huyo kwa muda wa karibu nusu karne, ikafungwa mwaka 2000, na ardhi yake ikaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Serikali ya Zanzibar nayo iliwahi kuwa na ranchi yake Bagamoyo, ile RAZABA, ambayo haipo tena. Ranchi ya Ruvu ndiyo iliyosalia.

Mambo ya namna hiyo yalijenga mazoea maofisini kwamba Pwani ni nchi ya minazi, mihogo na samaki, na kwamba ng'ombe ni mgeni anayepita kwenda Pugu mnadani na Vingunguti machinjioni. Mgeni huyo amekwisha kuwa mwenyeji. Wafugaji wa Kimasai na wa Kibarbaig wameweka maboma katika mabonde ya Wami na Ruvu, wengine kwa msimu, wengine kwa kudumu. Walipoondolewa wafugaji wa Ihefu mwaka 2006 na 2007, walielekezwa Lindi na Pwani. Na itakumbukwa kuwa huo ndio wakati ule ule homa ya Bonde la Ufa ilipokuwa ikitembea nchini. Kuwahamisha ng'ombe kwa maelfu katika mwaka wa maradhi, bila daftari la watokako wala la waendako, ni bahati nasibu ambayo hapana daktari wa mifugo angependa kuicheza.

Hata hivyo si haki kumtazama mfugaji wa kuhamahama peke yake. Yeye hushukiwa kila mahali, na husimamishwa akadaiwa kibali kila anapofika kizuizini. Tazama upande wa pili, barabara itokayo Bunju kwenda Bagamoyo mjini. Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo zimejaa viwanja vyenye ukuta, na nyuma ya ukuta kuna banda la ng'ombe wawili wa maziwa, kuku wa mayai mia tano, au nguruwe ishirini. Mwenyewe ni mtumishi wa Dar es Salaam, pengine mwalimu, pengine ofisa wa wizara. Huja siku ya Jumapili. Siku sita zilizobaki mifugo iko mikononi mwa kijana asiye na uwezo wa kuamua kitu, ambaye simu yake mara nyingi haina salio. Mmiliki wa namna hii ndiye mwenye elimu, ndiye asomaye magazeti, naye mara nyingi hayumo katika orodha ya mtendaji wa kijiji, maana kijijini hajulikani ila kwa gari lake.

Mfano wa homa ya nguruwe ya Afrika unatosha kuonyesha hatari yake. Ugonjwa huu umerudi Dar es Salaam mara kadhaa tangu mwaka 2001. Haumwambukizi binadamu, lakini huua karibu nguruwe wote wa banda moja. Hauna tiba, na hapa nchini haina chanjo inayotumika. Virusi vyake huishi ndani ya nyama kwa muda mrefu, hivyo makombo ya hotelini yanayopelekwa mabandani huweza kuubeba. Zaidi ya makombo, hubebwa na hofu. Mfugaji akisikia nguruwe wa jirani wamekufa, huuza wake usiku kwa bei ya chini, na mnunuzi huwapeleka wilaya nyingine. Kama bwana mifugo angekuwa na orodha ya mabanda ya kata yake pamoja na namba za simu, angewafikia wote kwa asubuhi moja, kabla ya biashara hiyo ya usiku kuanza.

Mtu aweza kusema kwamba orodha peke yake haizuii maradhi, na atakuwa amesema kweli. Uingereza ilikuwa na namba kwa kila shamba la mifugo mwaka 2001, ulipothibitishwa ugonjwa wa miguu na midomo tarehe 20 Februari. Kufikia siku hiyo maradhi yalikuwa yamekwisha ingia mashamba zaidi ya 50, kwa sababu kondoo walikuwa wamepita katika minada bila safari zao kufuatiliwa mmoja mmoja. Wanyama zaidi ya milioni 6 waliuawa. Kwa hiyo daftari la maboma halina budi liende sambamba na kibali cha kusafirisha mifugo, na kibali kiandikwe jina la boma alikotoka mnyama na boma au mnada anakokwenda. Kibali kinachotaja wilaya tu hakimsaidii mtu.

Lakini kikwazo kikubwa ni kuaminiana. Mfugaji anayekimbia kuandikishwa si mjinga. Wakati wa ukoloni kuhesabiwa ng'ombe kulikuwa utangulizi wa kodi, na huko Mbulu na Usukuma kulikuwa utangulizi wa kulazimishwa kupunguza mifugo. Baada ya uhuru orodha imetumika kudai ushuru, kutoza faini na kuwaondoa watu katika hifadhi. Leo akija ofisa na daftari jipya akasema ni la chanjo, kwa nini aaminiwe? Jibu haliwezi kuwa hotuba. Linaweza kuwa kanuni tu: daftari la maradhi lisitumike kwa ushuru wala kwa kesi ya ardhi, na kuandikwa ndani yake kusimpe mtu haki ya ardhi wala kumnyang'anya. Kadhalika pawe na jibu la wazi kwa mtu atakayeambiwa kwamba wanyama wake hawana budi kuchinjwa kwa usalama wa wengine: nani atamlipa, kiasi gani, na baada ya siku ngapi. Pasipo jibu hilo ataficha, na hapana sheria itakayomzuia kuficha porini Makurunge.

Yatakiwayo kuandikwa ni machache. Jina la mwenye mifugo na la anayeichunga, kitongoji, pamoja na alama inayojulikana na watu, aina ya wanyama na idadi yao kwa makadirio, mahali pa maji na josho, mnada anakouzia, na simu mbili. Mfugaji wa msimu aandikwe mara mbili, kwa boma la kiangazi na boma la masika. Mtendaji wa kijiji aweza kuanza na watu anaowafahamu. Mwalimu atasaidia sana kwa kuwa watoto wa shule wanajua kila boma, na mara nyingi wanajua mbuzi wa nani wametupa mimba kabla mkubwa yeyote hajapata habari. Wenye viwanja vya ukuta wajipeleke wenyewe, na watumishi wawe wa kwanza.

Bwana mifugo mmoja aliye na kata nzima na pikipiki isiyo na petroli hataifanya kazi hii kwa moyo tu. Halmashauri iweke fungu lake katika bajeti. Nakala moja ya daftari ikae ofisi ya kata, ya pili kwa bwana mifugo, ya tatu makao makuu ya wilaya, na zote tatu zipitiwe kila Septemba kabla ya vuli, na kila Februari kabla ya masika.